Kusomana Fikra Si Kuwa Akili Moja: Kuzielewa Jamii za Kubuni za Viumbe Wenye Telepathia

Kila inapotangazwa habari mpya kuhusu kipandikizi cha ubongo, mazungumzo hayachukui muda kuhamia kwa viumbe wa kubuni wa sayari nyingine: wale wanaosomana fikra bila kufumbua kinywa, wanaotenda kana kwamba ni mwili mmoja, na ambao hakuna hata mmoja wao anayejua kusema "mimi". Wapo wanaohofu kwamba huko ndiko binadamu anakoelekea, na wapo wanaotamani tufike mapema ili uongo na vita vikome. Pande zote mbili zinasimama juu ya mkanganyiko uleule, kwa sababu zimechukua mambo matatu yasiyolazimika kuandamana zikayafanya jambo moja.

La kwanza ni telepathia, yaani uwezo wa kupitisha wazo, hisia au taswira kutoka akili moja hadi nyingine bila kutumia maneno, ishara wala mlango wowote wa fahamu tunaoufahamu. La pili ni ujima, yaani mpango wa maisha ambamo kazi, mali na maamuzi ni vya wote. La tatu ni akili moja, yaani hali ambayo miili mingi ina nafsi moja tu inayofikiri kupitia yote. Telepathia ni njia ya mawasiliano, ujima ni mpango wa jamii, na akili moja ni suala la nani hasa yumo ndani. Watawa wanaogawana kila kitu wana ujima bila telepathia, na si vigumu kubuni taifa la wasoma fikra wachoyo wanaotumia kipawa chao kupunjana kila siku.

Kuhusu vipandikizi vyenyewe, maneno machache yanatosha. Kifaa ambacho kampuni ya Neuralink ilimpandikizia binadamu kwa mara ya kwanza Januari 2024 kina elektrodi 1,024 zinazonasa mapigo ya umeme ya chembe za neva katika sehemu ya ubongo inayoongoza misuli. Mwenye nacho anapokusudia kusogeza mkono, kompyuta hutambua mpangilio wa mapigo hayo na kusogeza kishale kwenye skrini. Kinachosomwa ni kusudio la kutikisa kiungo, si siri ya moyoni. Bidhaa hiyo ilipewa jina la Telepathy, na nadhani jina hilo limechangia upotoshaji kuliko maandishi yote ya magazeti kwa pamoja.

Wazo la telepathia halikuanzia katika hadithi. Mwaka 1882 ilianzishwa London jumuiya ya kuchunguza mambo ya kiroho na ya kiakili yasiyoelezeka, na mwaka huohuo mmoja wa waasisi wake, Frederic Myers, ndiye aliyeupa uwezo huo unaodaiwa jina la telepathia. Miaka 16 baadaye, katika riwaya ya H. G. Wells ya mwaka 1898 kuhusu uvamizi kutoka Mirihi, msimulizi anakiri kwamba kabla ya uvamizi alikuwa ameandika kwa ukali kuipinga nadharia ya telepathia, lakini alipowaona wavamizi wakishirikiana katika kazi ngumu bila sauti wala ishara, alisadiki. Katika maabara mambo yalikwenda kinyume. Joseph Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, katika miaka ya 1930, aliwapa watu kadi 25 zenye alama za aina tano wazibashiri. Kwa bahati tu mtu hupata wastani wa kadi tano, na matokeo ya juu aliyoyatangaza hayakusimama pale wengine walipoyarudia kwa udhibiti mkali zaidi. Telepathia ikabaki katika bunilizi, na ilibaki huko kwa raha mustarehe, kwani humwondolea mwandishi tabu ya kueleza viumbe wa nyota ya mbali wamejifunzaje lugha ya wageni wao.

Tukija sasa kwenye jamii zenyewe, njia nyepesi ya kuzitofautisha ni kuuliza habari za milango. Katika nyumba ya aina ya kwanza kila mkazi ana chumba chake, na hufungua mlango anapotaka. Katika nyumba ya pili vyumba vipo, lakini milango haina komeo, na sehemu kubwa ya maisha hufanyika ukumbini. Katika nyumba ya tatu kuta zimebomolewa, na anayeuliza "chumba cha nani?" anauliza swali lisilo na maana. Ubishi mwingi kuhusu viumbe hawa hutokana na mmoja kuzungumzia nyumba ya kwanza huku mwenziwe akiwa na picha ya ile ya tatu.

Wavulkani, viumbe wa sayari nyingine katika mfululizo wa televisheni wa Star Trek, ni wa nyumba ya kwanza. Tangu mwaka 1966, kuungana kwao akili kumeonyeshwa kuwa tendo la kugusana, vidole vikiwekwa usoni, na ni jambo la faragha linalofanywa kwa uzito mkubwa. Jamii yao haina akili moja hata kidogo. Ni watu wanaotunza heshima binafsi, wabishi, na wenye siri nyingi kuliko binadamu wanaosafiri nao. Hapo ndipo inapoonekana wazi kwamba kipawa cha kusoma fikra kinaweza kumfanya mtu aithamini zaidi faragha yake badala ya kuiacha.

Nyumba ya pili ndiyo yenye mambo mengi, na mfano wake ninaoupenda ni Waood wa mfululizo wa Uingereza uitwao Doctor Who, walioonekana kwa mara ya kwanza mwaka 2006. Kisa chao kilielezwa kwa kirefu mwaka 2008: kila mmoja wao huzaliwa akiwa ameshika mkononi ubongo wa pili, ulio wazi, usio na fuvu la kuulinda, na wote wameunganishwa na ubongo mkuu mmoja ambao kupitia kwake huimba wimbo wa pamoja unaosikika akilini tu. Binadamu wa kisa hicho waliukata ubongo wa mkononi, wakaweka mahali pake tufe la kutafsiri maneno, wakauzungushia ubongo mkuu kizuizi, kisha wakawauza Waood wakidai kwamba ni viumbe waliozaliwa kutumikia. Kiumbe anayetembea na ubongo wake kiganjani hana budi kumwamini kila anayekutana naye, na kutokana na hali hiyo ya mwili ndipo unapoota utamaduni mzima wa upole na kutegemeana. Waood hawakukosa nafsi. Kila mmoja aliumia kivyake, na kilichoibwa kilikuwa uhusiano kati yao.

Nyumba ya tatu inajulikana zaidi kwa sababu inatisha. Waborg, walioingia katika Star Trek mwaka 1989, huwateka viumbe wengine, huwapachika mitambo mwilini na kuwaunganisha katika fikra moja inayozungumza kwa "sisi". Ifahamike kwamba hao hawana telepathia ya kuzaliwa; wao wameunganishwa kwa vifaa, na uanachama wao ni wa kulazimishwa. Kuuita mpango huo ujima ni kosa, kwa kuwa ujima huhitaji watu wawili au zaidi wanaoweza kupeana kitu, na hapa hayupo wa kutoa wala wa kupokea. Riwaya ya Vernor Vinge ya mwaka 1992, A Fire Upon the Deep, ina wazo lililokomaa zaidi: viumbe wanaofanana na mbwa ambao mmoja pekee hana akili ya kutosha, lakini wanne hadi wanane, wakiunganishwa na sauti nyembamba mno kwa sikio la binadamu, huwa mtu mmoja mwenye jina, kumbukumbu na tabia. Mwanakundi akifa na kuingizwa mwingine, mtu huyo hubadilika kidogo. Makundi mawili yakisogeleana kupita kiasi, sauti zao huingiliana na fikra za wote wawili huvurugika, kwa hiyo "watu" hao hulazimika kukaa mbalimbali hata wanapopendana. Mwandishi alichukua umoja wa ndani, akaufuatisha hadi mwisho wake, akakuta upweke wa nje.

Je, ni wapi hasa mawasiliano yanapogeuka kuwa akili moja? Ubongo wa binadamu unatoa kidokezo kizuri. Nusu zake mbili zimeunganishwa na fungu la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Roger Sperry, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa ambao fungu hilo lilikuwa limekatwa ili kutuliza kifafa kikali. Picha ya kitu ikionyeshwa kwa muda mfupi upande wa kushoto wa uwanja wa macho, mgonjwa alisema hakuona chochote, kwa sababu nusu ya ubongo inayosema haikuipata habari hiyo. Lakini mkono wake wa kushoto, ukipapasa vitu vilivyofichwa, ulikichagua kitu kilekile kilichoonyeshwa. Linganisha na mazungumzo ya kawaida: utafiti wa lugha 17 uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba binadamu, kwa lugha yoyote aitumiayo, hupitisha habari kwa kasi ya takribani biti 39 kwa sekunde, biti ikiwa kipimo kidogo kabisa cha habari. Njia nyembamba kiasi hicho hutoa watu wawili wanaoongea. Njia ya nyuzi milioni 200 hutoa mtu mmoja asiyejua kwamba ana pande mbili. Kwa hiyo kiumbe wa kubuni anayepokea neno moja moja au taswira moja moja kutoka kwa mwenzake ni msemaji tu asiye na sauti, na tofauti yake na sisi ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mwandishi akitaka akili moja, atanue njia.

Dhana kwamba wasoma fikra hawawezi kudanganyana ndiyo iliyoenea kuliko zote. Inasahau kwamba anayejidanganya mwenyewe ataleta uongo wake ukiwa na ladha kamili ya ukweli, na msomaji wa fikra atausadiki kama mwenyewe anavyousadiki. Aidha, akili inaweza kufunikwa. Katika riwaya ya Alfred Bester, The Demolished Man, ambamo wenye kipawa ni binadamu, muuaji hujipachika kichwani wimbo wa tangazo unaonata, nao huzunguka bila kukoma hadi wasoma fikra hawasikii kitu kingine. Hila hiyo inafaa kwa sayari yoyote.

Dhana ya pili, kwamba telepathia hufuta kutoelewana, ni dhaifu zaidi. Wazo la mtu halikai peke yake. Limefungamana na kumbukumbu, harufu na hofu za maisha yake, na anayelipokea hulipachika katika maisha mengine. Baina ya jamii mbili tofauti pengo huwa kubwa kupindukia. Katika Ender's Game, riwaya ya mwaka 1985, malkia wa viumbe wanaofanana na wadudu huwaua binadamu bila kutambua kwamba kila mmoja wao ni nafsi inayofikiri, kwa kuwa kwake yeye mwili mmoja wa kibarua haukuwa mtu. Kilichozaa mauaji hayo ni mazoea ya ukamilifu wa mawasiliano ya ndani. Waliozoea kueleweka bila kujieleza hawakuwa na sababu ya kujifunza kujieleza kwa mgeni.

Wadudu wametajwa, na hapa kuna jambo la kunyoosha, maana mara nyingi huletwa kama ushahidi kwamba akili ya pamoja ipo duniani. Nyuki na sisimizi wana ushirikiano wa ajabu, lakini husoma ishara, hawasomi fikra. Mwaka 1958 Edward O. Wilson na wenzake walichapisha matokeo kuhusu sisimizi waliopakwa asidi ya oleiki, kemikali ambayo hujitokeza katika mzoga. Sisimizi hai aliyepakwa kemikali hiyo alinyanyuliwa na wenzake akirusha miguu, akapelekwa kwenye jaa la wafu. Aliporudi alibebwa tena, mpaka alipojisafisha vya kutosha. Wangekuwa na telepathia hata ya kiwango cha chini wangejua kwamba waliyembeba anapinga mazishi yake.

Vivyo hivyo kuhusu malkia. Waborg walipoanza hawakuwa na kiongozi, lakini filamu ya mwaka 1996 iliwapa malkia, na jamii nyingi za kubuni zenye akili moja huishia hapohapo. Sababu nadhani ni ya kisanaa: ni vigumu kumchukia adui asiye na uso. Malkia wa nyuki wa kweli hatoi amri yoyote. Hutaga mayai, na harufu yake hulishikilia kundi, basi. Kundi linapohama, uamuzi wa mahali pa kuhamia hufanywa na nyuki wapelelezi mia kadhaa, ambao kila mmoja hurudi na kucheza ngoma ya kuutangaza mwelekeo na umbali wa tundu aliloliona. Karl von Frisch, aliyeifafanua lugha hiyo ya ngoma, alipata Nobel mwaka 1973. Utafiti wa Thomas Seeley na wenzake uliotoka mwaka 2012 uliongeza kitu cha kusisimua: wapelelezi wa tundu moja humwendea mchezaji anayetangaza tundu lingine, humgonga kwa kichwa na kutoa mlio mfupi, na mchezaji akigongwa mara nyingi huacha. Kundi hufikia uamuzi kwa kutiana nguvu na kwa kuzuiana pia, jambo ambalo chembe za neva nazo hufanya katika ubongo.

Nadhani hapa ndipo waandishi wengi wa jamii za namna hii wanapojikwaa. Wanawapa viumbe wao kuunganika na kusahau kuwapa kuzuiana. Tuchukulie taifa la nyumba ya pili, watu laki moja, milango isiyo na komeo. Mmoja anashtuka usiku kwa ndoto mbaya. Hofu yake inamfikia jirani, jirani anaogopa, na hofu ya jirani inamrudia mwenye ndoto ikiwa imeongezeka nguvu, naye sasa ana ushahidi kwamba kuna cha kuogopwa. Bila desturi ya kuikata hofu mapema, taifa zima litakuwa nje linakimbia kabla ya alfajiri bila anayejua sababu. Jamii hiyo italazimika kuwa na watu ambao kazi yao ni kutulia, wakilelewa tangu utotoni kupokea bila kurudisha. Itahitaji pia saa za kunyamaza kiakili, na adabu kali kuhusu nani aanze kufikiri jambo gani mbele za watu. Wazo likishaenea halina mwenyewe, hivyo watakuwa na njia ya kulirudisha lilikotoka, ama sivyo mwenye akili yenye kelele zaidi atatawala huku kila mtu akisadiki kwamba ameamua mwenyewe. Ujima hauleti usawa kwa nguvu zake peke yake, na telepathia inaweza kuufanya udikteta usionekane kabisa.

Msiba ungekuwa na sura yake. Anayekufa kwa maumivu angewapitisha wengi katika kifo kile, wakiwemo watoto, kwa hiyo inaelekea wangekuwepo wachache waliojitolea kukaa karibu na mgonjwa na kuyabeba maumivu yasivuke mlango. Na adhabu kubwa isingekuwa jela wala kifo, ingekuwa kufungiwa mlango. Olaf Stapledon, katika riwaya yake ya mwaka 1930 kuhusu mustakabali wa binadamu, alilitazama suala hili pande zote mbili: viumbe wake wa Mirihi ni mawingu ya chembe ndogo mno zinazofikiri kwa pamoja, na ni wavamizi, lakini binadamu wake wa mwisho, wanaoishi Neptuni, huungana kwa hiari katika vikundi vya watu 96, kisha hurudi kila mmoja katika nafsi yake wakiwa wametajirika.

Lipo bado suala la kinachobeba fikra hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 kijana wa Kijerumani, Hans Berger, alianguka kutoka kwenye farasi akiwa mafunzoni jeshini na nusura afe. Siku hiyohiyo ilifika simu ya maandishi kutoka kwa baba yake, kwa kuwa dada yake aliyekuwa mbali aliingiwa na wasiwasi kwamba kaka yake yumo hatarini. Berger alitumia maisha yake kutafuta nishati iliyobeba ujumbe ule, na mwaka 1929 alichapisha rekodi za kwanza za mawimbi ya umeme ya ubongo wa binadamu. Mawimbi ni ya kweli na hospitali huyatumia hadi leo, lakini ni hafifu kiasi kwamba uga wa sumaku wa ubongo ni mdogo mara mamia ya mamilioni kuliko ule wa dunia. Kiumbe mwenye telepathia anahitaji kiungo mahususi cha kurushia na cha kupokelea, kama walivyo nacho samaki wa mito ya Afrika wa jamii ya mormiridi, ambao hutoa mapigo dhaifu ya umeme na kutambuana kwayo kwa masafa mafupi.

Hata kiungo hicho kikitumia redio, mwendo wa mwanga, kilomita takribani 300,000 kwa sekunde, unaweka mpaka. Kwenye sayari yenye ukubwa wa dunia, ujumbe hufika upande wa pili chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na akili moja ya sayari nzima inawezekana, ingawa itafikiri polepole kidogo. Hadi mwezini ni sekunde 1.3, nayo tayari ni kigugumizi. Kati ya Dunia na Mirihi ni dakika tatu hadi 22 kwa safari moja. Taifa la akili moja likipeleka nusu ya watu wake umbali kama huo, kila swali litasubiri jibu kwa kati ya dakika sita na 44, na muda huo wote kila upande utakuwa ukiendelea kuamua mambo bila mwenzake. Mwandishi asiyetaka kuivunja fizikia atajikuta ana mataifa mawili, yote yakisema "sisi", na hakuna kati yao lililowahi kuwa na haja ya desturi ya kubishana.